Habari za Siku Ambayo Haijafika

16 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, mguu juu ya stuli kama daktari alivyoagiza, wala hujapanda juu ya hiyo stuli kupanga upya makabati ya mkweo. Sisi huku tu wazima. Baba anakusalimu. Anasema tangu uondoke hana mtu wa kumkatiza anapozungumza, na matokeo yake hotuba zake zimerefuka hadi zinamchosha hata yeye. Tarehe 3 aling'olewa jino la nyuma. Alikwenda kishujaa, akarudi ameshikwa mkono na muuguzi. Mimi bado nasoma mita za maji, nyumba mia mbili na kumi na nne kila wiki, na mbwa wawili wapya wameongezeka kwenye njia yangu.

Sasa nije kwenye shida. Uliponiachia Jarida la Mtaa ulisema ni kwa miezi mitatu tu: goti lipasuliwe, lipone, urudi. Nimefungua daftari langu la kumbukumbu nikahesabu. Leo ni miezi saba na siku nne. Matoleo ya wakati wa baridi sikuyaona magumu, maana habari zenyewe ni mabomba yaliyoganda na paka waliopotea. Lakini sasa machipuko yanakuja na shughuli zake zote, na mambo mawili yananisumbua. Nimeyapa namba ili usiruke hata moja.

Namba moja. Usafi wa mfereji ni tarehe 7 Machi. Mpiga chapa anataka kurasa zake tarehe 25 Februari. Nikamwambia, "Nitaandikaje habari ya usafi ambao haujafanyika?" Akasema, "Andika kama shangazi yako." Nikauliza, "Yeye alikuwa anaandikaje?" Akajibu, "Mapema," akacheka mpaka akalazimika kuvua miwani. Naomba maelezo.

Namba mbili. Mwenyekiti wa mtaa, huyo uliyempa jina la Kwa Ufupi kwa kuwa kila hotuba yake huanza na maneno hayo na haina mwisho, alisema kwenye kikao cha tarehe 12 kwamba kama mhariri hatakuwa amerudi ifikapo Siku ya Machipuko, tarehe 25 Aprili, jarida lifungwe. Badala yake utawekwa ubao wa matangazo mbele ya ofisi yake, wenye kioo na picha.

Nikauliza, "Picha za nani?"

"Za matukio."

Shangazi, unajua ni uso wa nani hutangulia kwenye picha za matukio. Umelitoa jarida hili miaka kumi na tisa bila kukosa toleo. Mimi nimekushikia tu nafasi. Kwa hiyo swali lenyewe ni hili: unarudi lini?

Baba anasema nisikuharakishe. Sikuharakishi. Nauliza tarehe.

Mwanao,
binti wa kaka yako


24 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, safi na iliyopigwa pasi kama wewe mwenyewe. Mpe kaka yangu pole ya jino. Mwambie nimefurahi kusikia kuna kitu kimetolewa kinywani mwake mbali na maneno.

Huku hatujambo. Mjukuu wangu ameanza kusema, na neno lake la kwanza ni "hapana," kwa hiyo ukoo hautapotea. Mkwe wangu ni mtu mwema kupita kiasi. Kila asubuhi hunipangusia kiti kabla sijakaa, na hukipangusa tena nikishainuka, hata sijui ananiheshimu au ananifuta. Goti limepona. Daktari mwenyewe alistaajabu.

Namba moja. Nilidhani umelelewa na mimi, kumbe ulikuwa umelala. Tangu mwezi wa tatu mpaka wa sita mpiga chapa huchapa kadi za harusi, na bibi harusi hasubiri mtu. Ukimpelekea kurasa siku kumi kabla, jarida linatoka asubuhi ya tukio lenyewe na watu wanalisoma njiani wakienda. Ukimpelekea baada ya tukio, utalipata mwezi unaofuata, na hapo hiyo si habari tena, ni historia. Ndiyo maana miaka kumi na tisa nimeandika mambo kabla hayajatokea, kama vile yamekwisha tokea, na sijakanushwa hata mara moja. Tena si uongo. Usafi wa mfereji ni uleule kila mwaka. Huja watu sitini. Ishirini hufanya kazi na arobaini huegemea reki na kuzungumza. Mwokaji huleta mikate. Baiskeli moja hutolewa majini. Wewe andika hivyo. Ukiandika sitini watakuja sitini, maana hakuna anayetaka kuwa yule aliyekosekana. Wahenga walishasema: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wao hawakuwa na jarida, mimi ninalo.

Hali ya hewa tu usiiandike. Hiyo haisomi jarida.

Yule fundi viatu wa pale chini ya ngazi, Miguu Mitatu, bado anagongagonga mkongojo wake sakafuni kama mwenye nyumba? Jina hilo nililichapa mara moja tu, miaka sita iliyopita, kwenye habari ya matembezi ya wazee ya Siku ya Machipuko: "Washindani saba, miguu kumi na mitano." Mtaa mzima ulicheka. Yeye mpaka leo haniamkii, viatu vyangu humfikia kwa mkono wa baba yako. Watu wengine hawana ucheshi.

Nikimtaja hapo hapo: nimekutumia kwa kifurushi viatu vyangu vya kahawia. Mpelekee avitie soli. Mafundi wa huku wanagundisha, hawashoni. Ila usimwambie ni vya nani.

Namba mbili nitaijibu karatasi ikibaki. Naona imekwisha.

Shangazi yako


12 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Baba hajambo, pengo linapona, na ameanza kupiga mluzi kupitia hapo, jambo ambalo majirani wamelileta kwangu kwa maandishi. Nimefurahi kusikia habari za mjukuu. Mwambie hilo neno alitunze, litamfaa ukubwani.

Nina ungamo. Sikufuata maagizo yako. Niliona haiwezekani niandike jambo ambalo sijaliona. Nilingoja tarehe 7, nikaenda mfereji na daftari, nikaandika nilichokiona. Mvua ilinyesha kuanzia saa mbili na dakika kumi. Walikuja watu thelathini na mmoja. Reki zilikuwa mbili. Hakukutolewa baiskeli, ulitolewa mlango wa friji. Nikapeleka kurasa tarehe 9, mpiga chapa akanipa tarehe 2 Aprili.

Basi wiki nzima sina amani. Jumatatu naingia kwa mwokaji kusoma mita, ananifuata mpaka uani na unga mikononi.

"Sasa, usafi ulikuwaje?"

"Wewe mwenyewe ulikuwepo. Uligawa mikate pale darajani."

"Najua nilikuwepo! Nakuuliza, ulifana?"

"Wewe ulionaje?"

"Nitajuaje? Jarida halijatoka."

Nikamweleza Baba nikitegemea tutacheka wote. Hakucheka. Alisema, "Shangazi yako alikuwa akituambia tumefurahi, nasi tukafurahi. Wewe unatuachia kila mtu ajifikirie mwenyewe. Mtaa hauendeshwi hivyo."

Sasa kuhusu viatu. Kifurushi kilifika tarehe 10. Nilivipeleka siku hiyo hiyo, saa kumi kasorobo, nikamwambia fundi ni vya mteja. Nakuandikia yaliyofuata kama nilivyoyaweka kwenye daftari, nisije nikayapunguza.

Alivigeuza juu chini. "Vya mteja," akasema.

"Ndiyo."

"Uzi huu nimeushona mimi mara nne. Shangazi yako hajambo?"

"Hajambo. Goti limepona."

Fundi alipitisha kidole gumba kwenye soli, taratibu, kama mtu anayesoma. Halafu akanisogezea kasha kwa mguu. "Kaa." Nikakaa.

"Tazama. Ncha ya kiatu cha kushoto imelika, mguu huo unaburutwa. Kisigino cha kushoto kizima kama siku nilipokitia, hakikanyagi. Cha kulia kimeisha chote, kinabeba mwili peke yake. Maana yake fimbo ameishika mkono wa kushoto, upande wa goti bovu. Nilifanya kosa hilo hilo mwaka wa kwanza, mpaka bega likataka kung'oka. Fimbo hushikwa upande wa mguu mzima. Mwambie."

"Fimbo gani?" nikauliza.

"Hiyo ambayo hajakuambia."

Nilijiandaa acheke, Shangazi. Miaka sita mtu ameitwa Miguu Mitatu mpaka watoto wa shule wanadhani ndilo jina lake. Nilikaa pale kwenye kasha nikimsubiri acheke. Alisema tu, "Hujafa hujaumbika," akalainisha uzi kwa nta, akaendelea na kazi. Kama maneno hayo yalikuhusu wewe, au yeye, au mimi, sikupata ujasiri wa kuuliza.

Tarehe 11 nilihesabu ngazi za kutoka huku kwetu chini hadi kwako ghorofa ya tatu. Ni hamsini na mbili. Nilihesabu nikipanda na nikishuka, zikatoka sawa.

Namba mbili bado iko pale pale.

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima. Mjukuu amejifunza neno la pili, "yangu." Mkwe amenunua zulia na ananizungusha nisilikanyage, kana kwamba ni mtoto aliyelala.

Barua yako imenifikia, lakini kuanzia ukurasa wa tatu haikusomeka. Sijui ni wino uliomwagika au ni mwandiko wako umeharibika kwa kuandika mita. Nilichoweza kusoma ni kwamba viatu vimemfikia fundi. Mwambie ahsante.

Lililosomeka vizuri ni ile aibu ya mfereji. Mlango wa friji! Miaka kumi na tisa nimeutunza mtaa huu kwa baiskeli moja kila mwaka, wewe unautia mlango wa friji. Ili usirudie, nimekuandikia mwenyewe habari ya onyesho la kwaya ya wastaafu la tarehe 11 Aprili. Imo humu. Usibadilishe neno. Hasa usiguse pale panaposema: "Mwenyekiti alifungua onyesho kwa hotuba ya dakika nne, iliyosifiwa na wote kwa busara yake." Mpelekee mpiga chapa mapema, kisha nenda ukakae kiti cha mbele uone.

Kuhusu Siku ya Machipuko, mwaka huu itabidi mfanye bila mimi. Safari ni ndefu, mjukuu amenizoea, mkwe atahuzunika. Na treni za siku hizi zimejaa. Mwachie Kwa Ufupi ubao wake. Kioo kitamfaa, atakuwa anajiona.

Usinisumbue tena juu ya hilo. Nilitoka mtaani kwa miguu yangu miwili, nimevaa koti la bluu, watu wamejipanga barabarani wananipungia. Wabaki na hiyo. Mtu akishaandika mwisho mzuri haongezi ukurasa.

Chumba changu mfungue madirisha mara moja kwa wiki.

Shangazi yako


14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sote hatujambo. Baba amepata jino la bandia na mluzi umekoma. Majirani wameleta barua nyingine, ya shukrani. Madirisha yako nafungua kila Alhamisi.

Nianze na kwaya. Sikubadilisha neno. Jarida lilitoka tarehe 11 asubuhi, na kufikia saa tisa ukumbi ulikuwa umejaa watu wenye nakala mkononi. Kwa Ufupi alipanda jukwaani na karatasi zake, unene wa kitabu cha simu. Akasema, "Ndugu zangu, kwa ufupi," halafu akawatazama watu. Watu wakamtazama. Mwokaji akatazama saa. Nilimwona kabisa, Shangazi, mtu yule akigeuza karatasi moja, mbili, kumi kwa pamoja. Dakika nne na sekunde ishirini. Alipigiwa makofi mpaka akajifuta macho. Baadaye akanishika mkono mlangoni: "Jarida lako limenitendea haki." Nikasema nimeandika tu kilichotokea.

Nilirudi nyumbani nikakaa na daftari langu. Tangu kidato cha kwanza nimeandika humo kila siku jambo lililotokea siku hiyo, na nilijivunia kwamba hakuna uongo ndani yake. Lakini siku zote jambo likishafika kwenye daftari langu huwa limekwisha. Haliwezi tena kusaidiwa. Jarida lako siyo hivyo. Nilifikiri hilo kwa muda, halafu nikachukua karatasi nyingine nikaandika habari ya Siku ya Machipuko.

Nakala ya ukurasa wa kwanza imo humu. Ikiwa macho yanakusumbua bado, naunakili hapa kwa herufi kubwa:

"MHARIRI AREJEA. Siku ya Machipuko ilifana. Mhariri wa jarida hili alirejea mtaani baada ya miezi tisa na siku kumi na tatu. Aliteremka kwenye treni ya saa nne asubuhi akiwa na mkongojo mweusi, ameushika mkono wa kulia. Alipokelewa na kaka yake, ambaye alitoa hotuba, na fundi viatu wa mtaa, ambaye hakutoa. Mhariri na fundi ndio waliofungua matembezi ya wazee, nao wenyewe wakatembea. Washindani walikuwa tisa, miguu ishirini. Waliocheka kwanza ni hao wawili, wengine wakafuata. Mhariri amehamia chumba cha chini. Kaka yake na bintiye wamepanda ghorofa ya tatu, kaka akisema amekuwa akitamani hewa tangu zamani. Mwenyekiti alitangaza kwamba jarida litaendelea, na kwamba kioo cha ubao kimepatiwa kazi nyingine."

Hali ya hewa sikuandika.

Kurasa nilizipeleka jana. Mpiga chapa alichapa papo hapo, kwa sababu kesho anaanza kadi za harusi tatu. Nakala mia nne. Nikamuuliza kama linaweza kubadilishwa. Akasema, "Risasi ikishatoka hairudi." Zitagawiwa tarehe 25 asubuhi, lakini mpiga chapa hana siri, na mtaa mzima unajua kwamba umerudi, ijapokuwa bado hujatoka huko. Mwokaji amesifu ulivyonenepa. Baba ameshakuandalia chumba cha chini na anapandisha godoro lake juu mwenyewe, anapumzika kila ngazi ya kumi na kusema, "Hewa hiyo." Kwa Ufupi alinisimamisha barabarani.

"Anarudi kweli?"

"Imeshachapwa."

Akaenda kuagiza viti vya ziada. Hataki kuwa yule aliyekosekana.

Unaweza kunikanusha. Hiyo ni haki yako. Katika miaka kumi na tisa hili litakuwa toleo la kwanza kukanushwa, na atakayelikanusha ni mhariri wake. Nitachapa kanusho lako mwezi wa saba, harusi zikipungua.

Viatu vimo kwenye kifurushi hiki. Ndani ya kiatu cha kushoto utakuta kitu kidogo cheusi: ni mpira wa kuvisha ncha ya fimbo, usiteleze. Ameukata mwenyewe kutoka kwenye tairi. Aliufunga kwa ukurasa wa jarida la miaka sita iliyopita, ule wa miguu kumi na mitano. Kama aliuchagua ukurasa huo au ndio uliokuwa karibu, sikumuuliza. Salamu zake hizi, neno kwa neno: "Mwambie mpira huo huisha kila miezi minne, na fundi wa kuubadilisha ni mmoja tu."

Nyumba ile ya ghorofa ya tatu ina mwangwi, Shangazi. Nilikuwa sijaugundua kwa sababu ulikuwa ukizungumza.

Mwanao


19 Aprili

Binti wa kaka yangu,

Salamu utazipata ana kwa ana, hapa sina nafasi. Ukurasa wako wa kwanza umejaa makosa, na jina langu liko juu yake. Nimekaa nao tangu asubuhi na kalamu nyekundu. Mkwe alidhani naumwa.

Treni ya saa nne haikufika siku hiyo, maana treni ya saa nne ilifutwa tangu mwaka juzi. Ungeuliza kituoni ungejua. Mhariri aliteremka kwenye ile ya saa saba na nusu. Kwa hiyo matembezi ya wazee hayakuanza asubuhi, yalianza saa tisa, na wale tisa walimsubiri wakiwa wamekaa kwenye hivyo viti vya ziada vya Mwenyekiti. Waarifu, wasije wakachoka kusimama bure. Mimi sijawahi kuchelewa kwenye habari niliyoiandika mwenyewe, na sitaanza kuchelewa kwenye ya mwingine.

Mkongojo haukuwa mweusi. Ni wa mti wa kahawia, rangi moja na viatu. Ulikuwa umekaa nyuma ya mlango tangu mwezi wa kumi na moja kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuuweka, siyo kwa sababu nyingine yoyote utakayofikiria. Mpira wake ni mweusi, labda hapo ndipo ulipochanganya. Umekaa sawasawa. Hakupimiwa fimbo yule mtu, aliukata kwa kukisia, na umekaa sawasawa. Hilo liandike.

Kaka yangu hakutoa hotuba. Alianza kutoa, akakatizwa. Andika hivyo hivyo: "alikatizwa." Amengoja miezi tisa, asinyimwe. Na huko chini asiguse mapazia, nitayapanga mwenyewe.

Kuhusu fundi viatu, umeandika kana kwamba hakusema kitu. Siyo kweli. Mhariri alimwendea kwanza, mbele ya watu wote, akamwambia neno moja alilokuwa amechelewa nalo miaka sita, naye akajibu. Neno la mhariri ninalo tayari. La fundi acha nafasi ya mstari mmoja, silijui. Ni mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa naacha nafasi.

Miguu ishirini nimehesabu mara mbili. Ni sahihi.

Mkwe alilia nilipofunga sanduku, halafu akakipangusa kile kiti, na safari hii nilielewa kwamba ni heshima. Mjukuu amesema "hapana." Nimemwambia atakuja wakati wa likizo, imeshaandikwa.

Namba mbili imejibiwa ukurasa wa kwanza, wewe mwenyewe umeijibu. Ulikuwa unanisumbua kwa nini?

La mwisho ni ule mkono wa kulia. Hapo hukukosea. Nilihamisha fimbo siku ile ile niliposoma barua yako ambayo haikusomeka, na bega halijaniuma tena.

Mhariri